Kampira kadogo kenye kanazuia pikipiki kupanda mulima

Tulimukuta ku Alunguli asubuhi na mapema, pale watu wanangojea mutumbwi wa kuvuka Lualaba na kuingia mu Kindu. Alikuwa anasukuma pikipiki kwa mikono, matope mpaka ku magoti. Ni muchimbaji wa kasiterite wa upande wa Kalima, baba wa watoto wanne. Alituomba tusiandike jina lake, juu angali anapita kila mwezi mbele ya garaji yenye tutazungumuzia, na hataki magomvi na watu.

Pikipiki yake ni Suzuki GN125 ya zamani, aina yenye ilianza kutengenezwa miaka ya 1980. Aliinunua ikiwa imetumika, kwa feza zenye alikusanya mu shimo pole pole. Hiyo pikipiki njo inamufikisha ku kazi. Hiyo pia njo inapeleka unga, chumvi, sabuni na samaki wa chumvi zenye bibi yake anauzisha ku kambi ya wachimbaji. Ikisimama, masufuria mawili yanasimama: ile ya nyumbani na ile ya biashara ya mama.

Na ilikuwa imeanza kusimama. Asubuhi inawaka muzuri. Ralanti haina shida. Ku njia ya tambarare inatembea, hata kama ni pole pole. Lakini ukiweka muzigo na kufika ku mulima, inakohoa, inapoteza nguvu, mwishoni inazimika. Ku garaji moja walimuambia: "Papa, moteri imechoka. Segmenti za pistoni zimeisha, tunapaswa kufungua yote." Bei yenye walimutajia ingemulazimisha kuchimba zaidi ya mwezi muzima bila kula. Ile siku tulimukuta, alikuwa anavuka muto kwenda kutafuta munuzi.

Tulivuka pamoja naye. Mbele auzishe, tulimuomba apitie kwanza kwa fundi mumoja muzee mwenye anafanya kazi chini ya muembe ku Mikelenge. Yule muzee hakugusa moteri. Aliuliza tu neno moja:

"Papa, ukiongeza gazi ku mulima, moteri inapiga kelele sana, ao inanyamaza?"

"Inanyamaza, fundi. Ni kama mutu mwenye wamemuziba pua."

Fundi akachukua turnevisi, akafungua kifuniko cha juu cha karburateri, akatoa kipande kimoja cheusi, akakiinua ku jua. Mwangaza ulipita. Tundu halikuwa kubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo. Segmenti, pistoni, moteri nzima: hakuna kitu kilikuwa kimeharibika. Ilikuwa membrani.

Juu ya nini tunaandika habari hii

Wazee wa Kalima wanakumbuka wakati mwingine. Kampuni ya Symétain ilianza mwaka wa 1932. Mwaka wa 1976 iliunganishwa na kampuni zingine na kuzaa SOMINKI. Kulikuwa malori ya kampuni, garaji za kampuni, na watu wa kutengeneza barabara. Mwezi wa 10, 1985, bei ya etani ilianguka mu dunia nzima, na kampuni haikusimama tena vile ilikuwa. Leo muchimbaji anachimba kwa mikono yake, na kati ya shimo na Kindu kuko karibu kilometa 100, yenye mvua imekula. Mahali lori haiwezi kupita, pikipiki inapita.

Tena kasiterite yenyewe ni jiwe zito, karibu mara saba kuliko maji. Gunia dogo tu linaweza kushinda mutu kuliinua. Kwa hiyo pikipiki zetu zinafanya kazi yenye wenye kuzitengeneza hawakuifikiria: muzigo, matope, na gazi yote ku kila mulima. Kipande chochote chenye kinazuia gazi, sisi njo wa kwanza kukisikia.

Membrani inafanya nini

Mu karburateri za zamani zaidi, kamba ya gazi inavuta pistoni ya karburateri moja kwa moja. Ukivuta, inapanda, ukiacha, resori inaishusha. Mu karburateri ya membrani ni namna ingine. Kamba inafungua tu kamulango ka chuma kenye kuko upande wa moteri. Hewa njo inapandisha pistoni.

Inapandisha namna gani? Wakati moteri inanyonya, ile nguvu ya kunyonya inapita mu katundu kadogo chini ya pistoni na kufika mu chumba cha juu, chini ya kifuniko. Chini ya membrani kuko hewa ya kawaida ya inje. Hewa ya chini ikiwa na nguvu kuliko ya juu, inasukuma membrani, na membrani inabeba pistoni. Pistoni ikipanda, inapandisha na sindano yake, na esanse inapita mingi zaidi. Ni mupira mwembamba sana, juu unapaswa kukunjika na kukunjuka mara nyingi sana mu safari moja tu.

Mutu mwenye amewahi kujaza hewa mu pneu ya kinga na pompi yenye ngozi yake imechoka atafahamu mara moja. Unasukuma, unatoka jasho, lakini hewa inapita pembeni na pneu haijai. Membrani yenye tundu ni vile vile. Hewa inapita mu tundu, nguvu ya juu na ya chini zinalingana, na pistoni inabakia chini. Wewe umefungua gazi yote, lakini moteri inapata chakula cha robo.

Wapasuaji wa mbao wanajua pia neno membrani, juu ya masini zao za kukata miti. Lakini ile ya masini inapompa esanse. Ya pikipiki inapandisha pistoni. Jina ni moja, kazi ni mbalimbali. Usikubali wakuuzishie moja mahali pa ingine.

Dalili: sikiliza mbele ya kufungua

Ile swali ya fundi muzee ilikuwa na maana. Pikipiki yenye haipandi mulima inaweza kuwa na magonjwa mengi, na kila moja iko na sauti yake.

Ukiongeza gazi na moteri inapiga kelele sana lakini pikipiki haiendi, angalia ambreyaji: diski zinateleza. Membrani haina kosa.

Ukiongeza gazi na moteri inabakia chini, inakohoa, ni kama imezibwa, kisha ukipunguza gazi inatembea tena muzuri kidogo, hapo membrani inaweza kuwa na kosa. Lakini filtri ya hewa yenye imejaa vumbi inaweza kufanya vile vile, na jikleri kubwa yenye imeziba pia. Anza na filtri, juu haiombi feza.

Ikiwa inazimika hata mu ralanti, ao inawaka kwa shida, tafuta kwanza esanse yenye maji, buji ya moteri, ao jikleri ya ralanti. Membrani yenye kupasuka mara nyingi inaacha ralanti salama, juu mu ralanti pistoni iko chini kwa kawaida.

Moshi wa buluu na mafuta ya moteri yenye kupungua kila siku njo vinaonyesha segmenti. Pikipiki ya muchimbaji wetu haikuwa na moshi. Kama ku ile garaji wangeangalia tu ku eshapema, wasingemutisha.

Yako iko na membrani?

Si kila pikipiki. Angalia juu ya karburateri. Ikiwa kamba ya gazi inaingia juu kabisa, katikati ya kifuniko chenye kinazunguka, hiyo ni ya pistoni ya kuvutwa. Yamaha AG100 na DT125 za zamani, na Honda CG125, ziko vile. Usitafute membrani ya namna hii ndani, haiko.

Ikiwa kifuniko cha juu ni kipana kama kisahani, kimefungwa na visi mbili ao ine, na kamba ya gazi inaingia pembeni ku kagurudumu kadogo, iko na membrani. GN125 iko vile, na Bajaj Pulsar pia. Kwa zingine, usiamini jina lenye kuandikwa ku tanki. Wauzaji wanabadilisha karburateri mara nyingi. Amini macho yako.

Kufungua bila kuharibu

Zima moteri, iache ipoe, funga robine ya esanse. Hakuna sigara, hakuna mushumaa. Ku kambi, usiku, tumieni taa ya kichwa yenye munashukia nayo mu shimo.

Safisha inje ya karburateri mbele ya kugusa visi, ili muchanga usiingie. Visi za kifuniko ni laini. Tumia turnevisi yenye inakaa vizuri mu kichwa, sukuma kwa nguvu, zungusha pole pole. Kamata kifuniko kwa kidole, juu chini yake kuko resori yenye inaweza kuruka mu majani, na hautaipata tena.

Toa pistoni pamoja na membrani kwa mikono safi. Usivute mupira, inua pistoni. Kisha inua ku mwangaza, fungua makunjo moja kwa moja na vidole, zunguka pande zote. Matundu yanapenda kujificha ndani ya kunjo, na karibu na mahali mupira unashikana na pistoni. Usiangalie tu mara moja.

Kuko na jaribio lingine, wakati karburateri imetoka ku moteri na kifuniko kingali kimefungwa. Inua pistoni mpaka juu na kidole. Ziba na kidole kingine katundu ka hewa kenye kuko ku mudomo wa karburateri, kale kenye kanapeleka hewa chini ya membrani. Acha pistoni. Ikishuka pole pole sana, membrani ni nzima. Ikianguka mara moja, hewa inapita mahali.

Na neno moja lenye mafundi wengi hawapendi kusikia: usioshe membrani na esanse. Mu garaji nyingi wanatupa vipande vyote mu bakuli ya esanse, chuma na mupira pamoja. Chuma hakisikii kitu. Mupira unavimba, unakuwa mukubwa kuliko mahali pake, na hauingii tena mu mufereji wake. Hapo wanakuambia imekufa. Mara nyingi haijakufa: uiache mu kivuli siku moja ao mbili, itarudia ukubwa wake. Kwa kuosha, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha.

Juu ya nini inapasuka

Uzee kwanza. Mupira unakauka, unakuwa mugumu, na ku kunjo unaanza kupasuka.

Kisha vumbi. Motari wengi wanatoa filtri ya hewa, wanasema pikipiki inapata nguvu. Muchanga unaingia, unakwaruza pistoni, pistoni inakwama, na mupira unavutwa vibaya.

Kisha esanse. Ile ya kadafi, mu chupa pembeni ya njia, inaweza kuchanganywa na petroli ya taa ao kuingia maji ya mvua. Hatuwaambie muache kadafi, juu ku njia ya Kalima haiko stesheni ku kila kona. Lakini chujeni na kitambaa kizito, muache esanse itulie, na musimwage ile ya chini kabisa mu tanki.

Na sababu ya ine ni mikono yetu. Mutu anafungua, anarudisha kwa haraka, ukingo wa membrani haukai mu mufereji, kifuniko kinaukata. Pikipiki yenye iliingia ku garaji na ugonjwa mudogo inatoka na mukubwa.

Kubandika, kwa siku kidogo tu

Mama wa muchimbaji wetu alikuwa anangojea unga ku kambi, na membrani mupya haikuwa mu Kindu ile siku. Fundi alibandika. Tunaeleza namna alifanya, lakini tunasema wazi: ni dawa ya kufika nyumbani, si ya mwaka muzima.

Alikausha membrani vizuri. Hakutumia kipande cha shambreri, juu ni kinene. Kingeimarisha kunjo na pistoni ingekwama. Alikata kipande cha gangi ya buluu ya nitrili, ile yenye waganga wanavaa, nyembamba sana. Gangi nyeupe ya mupira wa kawaida inaharibika haraka ikiguswa na harufu ya esanse. Akapaka kole ya shambreri pande zote mbili, kidogo tu, akangoja ianze kukauka, akabandika, akaiacha usiku kucha. Asubuhi akakunja na kukunjua ili kuona kama haikuwa ngumu.

Tundu likiwa karibu na ukingo, ao mupira ukiwa umepasuka mahali pengi, usipoteze kole. Na usikubali mutu akate resori ya juu ili pistoni ipande mwepesi. Itapanda bila mupango, moteri itakula esanse vibaya, na siku utapata membrani ya kweli, itakuwa lazima kutafuta na resori pia.

Kununua: peleka ya zamani mukononi

Piesi zetu nyingi zinatoka mbali, kwa ndege ao kwa treni ya upande wa Lubumbashi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa mwezi wa 1, 2025, na njia moja ya piesi ilikatika pamoja nao. Kwa hiyo kosa katika kuagiza linagharimu wiki nyingi.

Muchimbaji wetu alijifunza hilo. Alimuambia ndugu yake kwa simu: "Niletee membrani ya Suzuki." Ile yenye ilifika ilikuwa ndogo, haikufikia mufereji. Mara ya pili alifanya vile fundi alimuonyesha: aliandika jina na namba zenye kuchongwa ku mwili wa karburateri (Mikuni, Keihin ao jina lingine), akapima upana wa membrani na rula, akapiga picha ya juu na ya chini, akaonyesha kale kalimi kadogo kenye kuko ku ukingo.

Jua pia kwamba kwa karburateri nyingi, membrani inauzishwa ikiwa imeshikana na pistoni, kipande kimoja; njo maana bei inapanda. Kwa zingine unaweza kupata mupira peke yake. Uliza mbele ya kulipa. Na mutu akikuambia kama lazima ununue karburateri nzima, muombe akuonyeshe ni nini kingine kimekufa ndani.

Kurudisha

Hapa njo wengi wanaharibu. Ingiza pistoni, sindano ikiwa mahali pake. Tafuta kalimi ka ukingo, ukaweke mu nafasi yake ku mwili wa karburateri. Kakikaa vibaya, membrani yote imegeuka. Ingiza kidole mu mudomo wa karburateri, inua pistoni mpaka nusu na uishikilie: hapo mupira haujikunji, na ukingo unalala vizuri mu mufereji. Zunguka ukingo wote na kidole kingine. Weka resori, weka kifuniko, funga visi kidogo kidogo, moja upande huu, moja upande ule. Mwishoni inua pistoni na uiache: inapaswa kushuka yenyewe, bila kukwama, na kusikika "tok" chini.

Ile kubandika ilidumu siku kumi na moja. Ku siku ya kumi na mbili pikipiki ilianza tena kukohoa ku mulima, lakini membrani ya kweli ilikuwa imefika siku mbili mbele, ikiwa imefungwa mu karatasi mu mufuko wake wa shati. Aliiweka yeye mwenyewe, pembeni ya njia, na taa ya kichwa, na bibi yake alikuwa anashikilia visi mukononi ili zisipotee.

Tulipomuona tena ku Alunguli, alikuwa na muzigo nyuma na mama watoto juu ya muzigo. Tulimuuliza kama angali anataka kuuzisha. Mama njo alijibu: "Auzishe nini? Unga wangu utabebwa na nani?"